Gusa Majivu Kabla Hujaandika "Umezimwa"

Mahubiri ya ibada ya pili, Jumapili iliyopita, kwa ufupi
Maandiko ya kusoma: Waebrania 12:14-15, Yakobo 3:5, Mathayo 5:23-24, Yohana 10:12-13

 

Kiangazi kimeingia. Wale mnaotoka upande wa Soin mnajua moto wa miwa, na sisi wa huku juu tunajua moto wa karatusi na wa msituni. Yakobo anasema cheche ndogo inatosha kuchoma msitu mzima, na kwa hilo sihitaji mtu anifafanulie, maana niliwahi kulipwa mshahara kuzima moto. Wengi wenu hamkujua hilo kuhusu mchungaji wenu msaidizi.

Mwaka niliomaliza chuo na shahada yangu ya biashara, nilizunguka na bahasha hadi viatu vikaisha. Mwisho nikaandikwa na mkandarasi mmoja aliyepewa kazi ya kulinda shamba la karatusi, zile kuni zinazowasha majiko ya viwanda vya chai. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu, Januari hadi Machi. Tulikuwa watu sita: dereva, nyapara na sisi vibarua wanne. Tulikuwa na pikapu yenye tangi la maji nyuma, pampu ndogo ya petroli, mpira wa maji, na pampu za mgongoni kama zile mnazopulizia dawa ya viazi. Kwa sababu nilikuwa nimesoma, nilipewa pia daftari. Kila moto uliandikwa humo: umeanza saa ngapi, umezimwa saa ngapi, nani amekagua.

Nataka uelewe kazi yenyewe. Watu wanafikiri ni kukimbizana na moto kila siku. Hapana. Siku nyingi hakuna moto. Saa kumi na mbili asubuhi unajaza tangi mtoni, unawasha pampu uone kama inaitika, unanoa panga, halafu unafyeka ule mkanda wa kuzuia moto hadi mgongo ukatae. Baadaye unakaa unatazama milima. Hata Marekani, ambako serikali hukodi magari ya kampuni za watu binafsi yakiwa na watu watatu hivi ndani, wanafanya siku 14 mfululizo, na sehemu kubwa ya kazi yao si kupigana na miali. Ni kutembea kwenye majivu wakitafuta joto.

Hapo ndipo somo letu lilipo leo. Miali ikishazimwa, kazi inakuwa imefika nusu tu. Nyapara wetu, mzee wa maneno machache, alikuwa akivua glavu na kuweka mgongo wa mkono wake karibu na majivu, kisha anagusa. Kisiki kwa kisiki. Akisikia joto anasema, "Chimba." Unachimba. "Mwaga maji." Unamwaga. "Koroga." Unakoroga mpaka inakuwa kama uji. "Gusa tena." Sisi vijana tulimcheka. Tulisema mzee anapapasa moto kama daktari anayempapasa mgonjwa.

Jumamosi moja ya Februari tukazima moto pembeni mwa shamba. Upande wa pili ukaonekana moshi mwingine, nyapara akaondoka na wenzangu. Akaniambia, "Wewe usitoke hapa mpaka uguse kila kisiki." Nilikuwa nimechoka, macho yanawasha, na saa kumi na moja nilikuwa na mazoezi ya kwaya. Ndiyo, kwaya! Nikatazama. Sikuona moshi. Nikafungua daftari nikaandika: "Moto umezimwa, saa 10:40 jioni." Mzee aliporudi akanikuta nimeshanawa. Akauliza, "Umegusa?" Nikasema ndiyo. Akatia sahihi chini ya mwandiko wangu.

Saa saba usiku upepo ukaja. Moto ulikuwa umeingia kwenye mzizi wa kisiki kimoja, ukatembea chini ya ule mkanda wetu, ukatokea upande wa jirani. Zizi la mama mmoja mjane likaungua, na ndama ndani yake.

Mpendwa, nilikuwa nimelala vizuri. Nilikuwa nimeimba vizuri pia.

Kwa kuwa sahihi ilikuwa ya nyapara, mkataba wake ndio uliokatizwa. Wangu ulibaki. Nilitaka kusema ukweli, nikachelewa siku mbili, na nilipousema alikuwa ameshaondoka. Yesu alisema mtu wa mshahara hukimbia kwa sababu kondoo si wake. Nikisoma Yohana 10 sitafuti mtu mwingine wa kumweka pale. Najiona mimi, na daftari mkononi.

Si mimi peke yangu niliyedanganywa na majivu. Januari 1, 2025, moto mdogo ulizuka kwenye vichaka juu ya mtaa wa Pacific Palisades, Los Angeles. Wakaudhibiti. Siku sita baadaye, upepo mkali ulipokuja, moto mkubwa ukazuka pale pale. Watu 12 wakafa, maelfu ya majengo yakateketea. Mwezi Oktoba mwaka huo waendesha mashtaka wa serikali ya Marekani walieleza kwamba ni moto ule ule wa siku ya kwanza, uliokuwa umebaki ukiwaka taratibu chini, kwenye mizizi.

Kwenye mizizi! Sasa rudi Waebrania 12. Mwandishi anatuhimiza tutafute amani na watu wote, halafu anatuonya juu ya uchungu ulio na mzizi. Anasema ukiota hauishii kwa mtu mmoja, unawaharibu wengi. Yule mama mjane hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Zizi lake liliungua kwa sababu ya kisiki ambacho mimi sikugusa.

Nisiwahubirie ninyi tu. Baba yetu alipolala, mimi na kaka yangu mkubwa tulikosana juu ya namba ya majani chai: iandikwe kwa jina la nani, na bonasi igawanywe vipi. Wazee walitukalisha mwaka 2021. Tukashikana mikono, tukaombewa, tukanywa mursik kwa kibuyu kimoja. Moyoni nikaandika: umezimwa. Lakini tangu siku ile sikula tena kwake. Akipiga simu, nilimwambia mke wangu amwambie niko kwenye maombi. Watoto wangu wakaanza kumwita "yule baba wa huko chini." Sikuwafundisha. Waliota moshi kutoka kwangu.

Wiki tatu zilizopita nikaenda. Sikwenda na karatasi. Nilimuuliza, "Kaka, kuna kitu bado kinakuuma?" Akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, na ameniruhusu kuwaambia, kwamba haikuwa namba, wala haikuwa bonasi. Ni ile siku nilipokuja mbele ya wazee na hesabu iliyochapwa kwa kompyuta, nikaisoma safu kwa safu, mbele ya wanawe, kana kwamba yeye ni mwizi. Yeye aliacha shule darasa la nane akachuma majani ili mimi nilipiwe karo. Hesabu niliyomsomea, shule iliyonifundisha kuiandika aliilipia yeye.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, mpendwa. Na bado ndiyo iliyokuwa moto.

Basi, mambo manne ya kwenda nayo nyumbani.

Kwanza, gusa. Kutoona moshi hakutoshi. Uliza yule mtu. Kwenye Mathayo 5 Yesu anamwambia mwenye sadaka aiache madhabahuni, aende kwanza kwa ndugu yake. Mimi nilifanya kinyume: niliacha majivu nikakimbilia kwaya.

Pili, chimba. Mnachogombania huenda si kile kinachowaka. Mnagombania mpaka wa shamba, kumbe kinachouma ni neno lililosemwa matangani.

Tatu, mwaga maji na ukoroge. "Kama nilikukosea, nisamehe" ni kunyunyiza juu. Taja kosa kwa jina lake. Kaka yangu alinisikia niliposema, "Nilikuaibisha mbele ya watoto wako." Kabla ya hapo alikuwa ananitazama tu. Nami kesho yake niliwaita wanawe, nikawaambia baba yao ni nani.

Nne, rudi kesho ukaguse tena. Nimekwenda kwa kaka mara mbili tangu siku ile. Bado kuna joto. Sitaandika kitu kwenye daftari kwa sasa.

Neno moja la tahadhari: kama nyumbani kuna kipigo, usiende kuchimba peke yako. Njoo kwetu ofisini, twende pamoja, na pale sheria inapohitajika tutaifuata.

Mwisho. Yule nyapara alibeba kosa ambalo hakulifanya, kwa sababu jina lake lilikuwa chini ya mwandiko wangu. Yeye hakuchagua. Yuko Mmoja aliyechagua. Alijua kila kisiki tulichokiacha, na bado akaweka jina lake chini ya jina langu na lako. Ndiyo maana tuna ujasiri wa kurudi kwenye majivu. Hatuendi kutafuta wokovu kule; tunakwenda kwa sababu tumeshaokolewa.

Tuombe. Baba, tunakushukuru kwa Yesu. Tuonyeshe wiki hii kisiki kimoja tulichokipita. Utupe miguu ya kwenda, kinywa cha kuuliza, na masikio ya kusikia jibu. Mlinde kila jirani ambaye hana ugomvi na mtu. Kwa jina la Yesu. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani, Jumatano: Someni Waebrania 12:14-15. Msitaje majina ya watu. Kila mmoja ajiulize: ni wapi niliandika "umezimwa" bila kugusa? Kisha muombe wawili wawili.