Maji Yanaenda Wapi?



Likizo hii hapa Didia nilishinda gereji moja, pembeni ya Fuso linalobeba mpunga kwenda Kahama. Dereva analalamika: kila safari anaongeza maji kwenye rejeta, na chini ya gari halidondoki hata tone. Mipira mizima, rejeta nzima. "Sasa fundi, haya maji yanaenda wapi?"

Fundi hakukimbilia spana. Kwanza alichomoa stiki ya oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ujue maji yameshaingia humo. Ile ilikuwa nyeusi tu. Akauliza habari ya moshi. Dereva akakiri: asubuhi unatoka mweupe, na hauishi hata injini ikipata moto. Basi, injini ikiwa bado ya baridi (msijaribu ikiwa imechemka, mtaungua uso), akafungua kifuniko cha rejeta, akawasha. Mapovu yakapanda mfululizo. Huo ni mgandamizo wa silinda unaopenya kwenye maji: gasketi ya hedi imeungua, au hedi ina ufa. Akazima, akafungua nozeli zote, akapiga stata. Silinda ya tatu ikarusha maji.

"Maji hayashindiliki kama hewa," akaniambia. "Yangejaa humu usiku, asubuhi konrodi ingepinda. Frateri, hili gari halina shida ya maji. Yeye anamwaga maji tu ili asifungue injini."

Nilikaa kimya. Kwenye falsafa nilisoma Aristotle na visababishi vyake vinne, nikafaulu vizuri, lakini kulikuwa na mwaka nilioungama kila mwezi kwamba nimekasirika na nimesinzia kwenye rozari, huku hela ya pamba aliyonitumia mama nimeimaliza kwenye kubeti. Hiyo sikuitaja. Nikitoka kitubioni napoa siku mbili, kisha nachemka tena: usingizi hakuna, hasira kwa kila mtu, simu za mama sipokei.

Zaburi ya 32 inamjua mtu huyo. Alinyamaza na dhambi yake, nguvu zikamkauka kama kwenye joto la kiangazi, na sisi wa Shinyanga kiangazi hatuhitaji kuelezwa. Katekisimu, namba 1456, inataka tuungame dhambi zote za mauti tunazozikumbuka, hata za siri kabisa, na inamkumbuka Mtakatifu Jerome: mgonjwa akimwonea haya tabibu, dawa haitibu isichokijua.

Siku nilipoitaja, padre hakushtuka. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mama anajua?"

Nilimpigia jioni ile. Alinyamaza mpaka nikadhani salio limeisha. Kisha akauliza kama nimekula.