Vazi la Msiba na Wajibu

Aliyefiwa ana haki ya kufunika majonzi yake kwa ajili ya wengine? Swali hili lilimfikia Malkia Elizabeth, mke wa Mfalme George VI wa Uingereza, katika mwaka 1938. Nguo zake za ziara rasmi ya Ufaransa, zilizobuniwa na Norman Hartnell, zilikuwa za rangi mbalimbali. Mwezi wa Juni mama yake mzazi akafariki, na ziara ikaahirishwa hata Julai.

Desturi ya msiba ilidai nguo nyeusi. Lakini ziara ilikusudiwa kuimarisha umoja wa mataifa mawili mbele ya tishio la Ujerumani, na weusi ungeitia kiwingu. Nguo za rangi nazo zingemvunjia marehemu heshima. Hartnell akatoa shauri la rangi nyeupe, ambayo malkia wa Ufaransa waliivaa zamani walipofiwa. Nguo zikashonwa upya, nyeupe, kwa muda wa majuma machache.

Huenda ikasemwa kuwa huo ulikuwa udanganyifu, maana wengi mjini Paris waliona uzuri tu, wasione kilio. Lakini mwongo huvaa lisilokuwamo moyoni mwake. Malkia alivaa lililokuwamo, bila kumlazimisha mwenyeji kulia naye. Haki ya majonzi ni kutunzwa, si kutangazwa. Wajibu unaomtaka mtu awasahau wafu wake ni udhalimu. Majonzi yanayomtaka awasahau walio hai ni uchoyo.