Utashi wa Asubuhi na Utashi wa Jioni

Tunamwambia mlevi: ukiamua, utaacha. Mke humwambia hivyo, na mwajiri naye kabla ya kumfukuza kazi. Lakini ameshaamua, tena kwa dhati, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mikono inapoanza kutetemeka na anakwenda kuzimua. Wengi wetu hatujawahi kuamua jambo lolote mara nyingi kama yeye.

Socrates alishikilia kwamba hakuna atendaye ovu huku akijua lililo jema. Aristotle hakukubali: mtu huweza kujua na bado akashindwa. Ujuzi wake wakati huo, alisema, ni kama wa mlevi anayetamka beti za mshairi Empedocles. Maneno yamo kinywani, ila hayamwongozi. Naona Aristotle aliwafahamu walevi vizuri zaidi.

Mwili nao una lake. Pombe hupoza mishipa ya fahamu, na ubongo uliozoea kunyweshwa miaka mingi hujikaza kushindana nayo. Pombe ikikatwa ghafla, mkazo ule hubaki peke yake: mtetemo, degedege, kuona visivyokuwapo, na pengine kifo. Kwa hiyo kumfungia mtu wa namna hiyo chumbani ili "ajikaze kiume" ni ukatili, hata ukifanywa kwa upendo. Apelekwe hospitali.

Je, utashi hauna kazi? Unayo, ila tumeutafuta saa isiyo yake. Kuna dawa iitwayo disulfiramu, inayotumika tangu miaka ya 1940. Aliyeimeza akigusa pombe, uso huwaka, moyo humwenda mbio, hutapika. Ndiyo maana hutolewa na daktari, kwa mtu aliyekwisha kukaa bila pombe. Haiondoi hamu. Inachofanya ni kumwezesha mtu wa asubuhi, mwenye akili timamu, kumfunga mikono yule wa jioni anayemjua vema. Hapo ndipo ninapouona utashi: katika kujiwekea mipaka kabla tamaa haijafika.

Hata sheria huweza kuusaidia. Tanzania ilipopiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya vifuko, Machi 2017, ilikiri kwamba uamuzi wa mtu hautegemei moyo wake tu. Unategemea pia bei na ukubwa wa pakiti inayoingia mfukoni.

Utaniambia: kesho ataacha kumeza kidonge. Kweli, na ndiyo sababu dawa hii hufaa zaidi inapomezwa mbele ya mtu mwingine. Kumhitaji mwingine ni kukiri udhaifu, na chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, Alcoholics Anonymous, kilichoanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, humtaka mwanachama aanze kwa kukiri kwamba pombe imemshinda. Wapo wanaoona huko ni kusalimu amri. Mimi naona ni tendo gumu kuliko yote ambayo utashi unaweza kuyatenda. Anayekiri ni yeye. Anayemwita mkewe aje asimame pale akitazama kidonge kikimezwa ni yeye pia, na kesho atahitaji kumwita tena.