Fumua Kwanza

Mwanangu, nimesikia mama mkwe wako amekupa cherehani yake ya miguu, na kwamba hii ni wiki ya tatu imekaa ukumbini imefunikwa khanga, kwa kuwa mtoto hakupi nafasi. Mtoto wa miaka miwili hampi mtu nafasi, wala usiisubiri. Mimi shangazi yako nilijifunza nikiwa na mtoto wa umri huohuo, na sikuwa na mwalimu.

Ilikuwa 1983. Ninyi mmezaliwa mkakuta mitumba imejaa sokoni, kwa hiyo ni vigumu kukusimulia dhiki ya nguo ilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka minne nyuma, nchi haina fedha za kigeni, na doti moja ya khanga ya kiwanda cha Urafiki watu waliipangia foleni tangu alfajiri. Mwanangu alibaki na kaptula moja. Nikachukua suruali ya baba yake iliyokwisha magotini, nikaketi na wembe, nikaifumua mshono mmoja mmoja. Nilichotaka ni kitambaa tu. Lakini vipande vilipolala mkekani ndipo nilipoijua suruali. Kumbe kipande cha mbele na cha nyuma havilingani! Mkato wa msamba wa nyuma ni mrefu zaidi na umeinuka kiunoni, maana mtu huinama na kuchutama. Nilikuwa nimefua suruali miaka yote ile bila kuliona hilo.

Kwa hiyo usikimbilie Kariakoo kununua kitenge. Tafuta kaptula ya mwanao iliyokwisha kumbana, uifumue. Fumua mguu mmoja tu, wa pili uuache kama ulivyo, ili ukipotea njiani utazame fundi aliunganisha nini na nini, na kipi kilitangulia. Vipande hivyo vipige pasi, vitandaze juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, uchore kuvizunguka. Nafasi ya mshono imo tayari. Wewe ongeza nusu inchi kila ubavu, kwa kuwa mtoto amekua, na chini uongeze inchi mbili za pindo. Mtoto hurefuka kabla hajanenepa. Pindo pana utalishusha, na kaptula itavaliwa mwaka wa pili.

Kitambaa cha pamba usikikate kabla hakijaingia majini. Kiloweke, kianike, kipige pasi. Nimeona gauni zuri likitoka kwenye beseni la kwanza halipiti tena kichwani, na aliyelishona akalia.

Mguu wako nao una shule yake. Siku tatu za mwanzo usitie uzi kabisa. Chana karatasi ya daftari yenye mistari, upitishe sindano juu ya mistari ile, mpaka gurudumu liache kukurudia nyuma. Likirudi nyuma huku kuna uzi, uzi hukatika, nawe utadhani mashine ni mbovu. Vivyo hivyo, ukigeuza nguo ukakuta nyuzi zimejiviringa chini, usianze kugombana na bobini. Mara nyingi kosa liko juu: inua mguu wa mashine, utoe uzi wote wa juu, uutie upya kwa utulivu. Na ukiona mishono inaruka, tazama sindano. Ama imekuwa butu, ama umeitia kinyume.

Sasa mtoto. Hapa nisikilize vizuri kuliko kwingine kote.

Akiwa macho, fanya yasiyo na ncha wala makali: kumpima, kuchora kwenye karatasi, kukunja, kuchagua uzi unaolingana na kitambaa. Kumpima kufanye mchezo, asimame ukutani. Akilala, ndipo utoe mkasi, wembe na sindano. Usingizi wake wa mchana utakupa labda mishono miwili, nayo inatosha kwa siku moja. Kila unapoinuka, hata kama ni kwenda kutazama sufuria, utoe ule mkanda kwenye gurudumu. Bila mkanda, hata mtoto akikanyaga chini, sindano haitembei. Vifungo na bobini viweke kwenye kopo lenye kifuniko kigumu, juu ya kabati, kwa sababu kila kidogo kinachong'aa huenda kinywani.

Mimi nilianza na pini ishirini, na kila nikimaliza nikizihesabu. Jioni moja nikapata kumi na tisa. Nikahesabu tena. Nikafagia chumba, nikakung'uta mkeka, nikapekua nguo, mpaka giza likaingia nikawa natambaa na kibatari. Niliikuta imechomeka kwenye godoro, karibu na pale mwanangu alipokuwa amelaza shavu. Tangu usiku ule nikaacha pini, nikawa nashikiza kwa bandi: mishono mirefu ya mkono, uzi wa rangi ya mbali, unaouchomoa baadaye. Ni kazi ya polepole, lakini sindano ni moja tu, na moja huhesabika kwa jicho. Nakuomba nawe uanze hivyo.

Kaptula yako ya kwanza huenda ikawa na mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Mvalishe akachezee uani. Akikimbia, akikaa, akipanda kibarazani utaona inabana wapi, na hilo ndilo utakalorekebisha kwenye ya pili.

Ile niliyoikata kwenye suruali ya baba yake ninayo hadi leo. Pindo lake nililishusha mara mbili, na mistari ya zamani bado inaonekana. Nikija Dar kwa Idi nitakuletea. Mguu wa kushoto nilikosea, nikaurudia, ukakaa vizuri. Ufumue huo.