Kumfufua Aliyekwisha Kufa: Suala la Maadili katika Kuunda Upya Filamu za Kutisha

Utangulizi

Suala la iwapo filamu za kutisha zilizokwisha kujijengea wafuasi wa kudumu ziundwe upya hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala la ladha tu. Baadhi ya wahakiki hushikilia kwamba kazi iliyokamilika iachwe ilivyo; wengine hudai kwamba kila kizazi kina haki ya kusimuliwa hofu zake kwa lugha yake. Makala haya yanachukulia kwamba suala lenyewe ni la kimaadili. Linalopaswa kuulizwa kwanza ni deni gani mwundaji wa pili analo kwa kazi ya kwanza. Mfano utakaochunguzwa ni Night of the Living Dead iliyoongozwa na George A. Romero mwaka 1968, pamoja na filamu ya jina hilo hilo iliyoongozwa na Tom Savini mwaka 1990.

Hoja ya Uasilia

Wanaopinga uundaji upya hutegemea dhana ya uasilia. Dhana hii ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Nosferatu ya F. W. Murnau (1922), ambayo leo huheshimiwa kama chimbuko, ilitokana na riwaya ya Bram Stoker, Dracula (1897), bila idhini ya mjane wake, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani iliamuru nakala zake ziharibiwe. Aidha, The Thing ya John Carpenter (1982), ambayo sasa huhesabiwa miongoni mwa filamu bora za aina yake, ilitanguliwa na The Thing from Another World (1951), zote mbili zikitokana na hadithi moja ya John W. Campbell ya mwaka 1938. Kurudia, basi, si kosa kwa hali yake.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatashangazwa na jambo hili, kwani ngano ya zimwi huishi kwa kurudiwa. Hata hivyo, pana tofauti ya kimsingi. Fanani anaposimulia upya, utendaji wa jana umekwisha kutoweka. Filamu ya jana ingalipo, na yaweza kuwekwa kando ya mpya zikalinganishwa. Mwundaji wa pili hawezi kudai kwamba anaiokoa kazi isisahaulike. Yampasa aonyeshe kwa nini anasema tena. Psycho ya Gus Van Sant (1998), iliyoifuata ile ya Alfred Hitchcock (1960) karibu picha kwa picha, ilidhihirisha kwamba uaminifu wa umbo peke yake hautoshi kuwa sababu.

Vifo Viwili vya Ben

Katika filamu ya 1968, watu saba wanajificha katika nyumba ya shambani huko Pennsylvania huku wafu walao watu wakiizingira. Ben, mhusika mkuu, anaigizwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi, na hakuna mhusika yeyote anayetaja rangi yake. Ben ndiye pekee anayeuona mwanzo wa siku ya pili. Asubuhi hiyo kundi la wanaume wenye bunduki, wakiongozwa na mkuu wa polisi, linamwona dirishani na kumpiga risasi bila kumchunguza. Filamu inamalizika kwa picha mnato za maiti yake ikibebwa kwa kulabu za nyama hadi motoni. Ilionyeshwa mara ya kwanza Oktoba 1968, miezi sita baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, na hadhira ya Marekani haikuhitaji kufafanuliwa. Uovu unaoshtakiwa hapa ni ule wa kutotazama: walio hai wanamuua aliye hai kwa kuwa hawakujali kumtofautisha na mfu.

Yafaa ikumbukwe kwamba filamu ya 1990 ilikuwa pia na msukumo wa kisheria na kifedha. Jina la filamu ya kwanza lilipobadilishwa kabla ya kusambazwa, tangazo la hakimiliki liliachwa, na kazi hiyo ikawa mali ya umma. Romero mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wa toleo jipya. Lakini haki ya mtunzi juu ya kazi yake haimwondolei deni la kimaadili.

Katika toleo la Savini, Ben, anayeigizwa na Tony Todd, anakufa kwa majeraha na kugeuka mmoja wa wafu. Risasi inayompata asubuhi haimdhulumu mtu hai. Kwa hiyo shtaka kali kuliko yote ya 1968 limefutwa, na hiyo ni hasara isiyoweza kupuuzwa. Hata hivyo, dhuluma imehamishwa. Barbara, ambaye hapo awali alikuwa mwanamke aliyepumbazwa na hofu, sasa ndiye anayesalimika. Anapomkuta Cooper yu hai, mtu aliyewasaliti wenzake, anampiga risasi kichwani na kuwaacha wengine waamini kwamba alikuwa mfu. Katika filamu ya kwanza watu waliua kwa kutotazama. Katika ya pili mtu anaua huku akitazama. Mtazamaji aliyemchukia Cooper usiku kucha anajikuta ameridhia mauaji.

Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba filamu ya kutisha yaweza kuundwa upya kwa uhalali iwapo inadumisha shtaka dhidi ya mtazamaji, hata ikilielekeza kwingine. Toleo la 1990 limelipa deni hilo kwa sehemu tu: limemtendea haki Barbara kwa gharama ya Ben. Kosa la kimaadili lingekuwa kulichukua toleo hilo kama mbadala wa lile la kwanza. Yakisomwa pamoja, la pili humlazimu mhakiki aulize tena kwa nini kifo cha mtu mmoja mweusi dirishani kilionekana kuwa kitu kinachoweza kubadilishwa.