Usimvike Daudi Dirii ya Sauli

Somo: 1 Samweli 17:38–40

Wapendwa wa Makere, nanyi mnaotusoma kutoka Kasulu, Kibondo na ng'ambo ya mto Malagarasi!

Nasimama mbele yenu na kipande cha chuma mkononi. Hakifiki hata shibiri. Ni krenki ya baiskeli, ule mkono ulioshika ekseli upande mmoja na pedeli upande wa pili. Wengi wenu mmeikanyaga miaka ishirini bila kuiuliza kipimo chake. Nimeona magoti ya watu wa Mungu yakiharibika kwa ajili yake, na leo sinyamazi tena.

Tuanze na Neno. Mfalme Sauli alikuwa mtu wa kimo. Katika Israeli yote watu walimfikia mabegani. Daudi alikuwa kijana wa kuchunga kondoo. Siku ya Goliathi ilipofika, mfalme alimhurumia kijana akamvisha mavazi yake mwenyewe ya vita. Angalieni vizuri: mfalme hakuwa na hila. Chapeo ilikuwa chapeo kweli, na dirii ilikuwa imara. Kasoro ilikuwa moja tu, kipimo. Daudi akajaribu kutembea, akaona hawezi, akavua vyote mbele ya mfalme na mbele ya jeshi. Kisha akashuka kijitoni akajichagulia mawe matano laini, yanayokaa kwenye kombeo lake.

Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu tumevua? Ni wangapi tunapanda milima yetu ya Buha tukiwa tumevaa dirii ya Sauli miguuni?

Mnajua nchi yetu ilivyo. Ziwa Tanganyika liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku juu Kasulu tumepita mita 1,200. Dumu la mawese likitoka ziwani kwa baiskeli kuja Kasulu, kuna mguu wa mtu uliolipandisha tofauti hiyo yote. Gunia la dagaa ni vivyo hivyo. Hata lami ya kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu itatuondolea vumbi na tope, lakini mlima itauacha pale pale Mungu alipouweka. Baiskeli kwetu ni punda na ni gari la wagonjwa. Mwinjilisti huitumia kufikia mitaa mitatu kwa Jumapili moja.

Sasa hesabuni pamoja nami. Chukueni baiskeli ya matairi ya inchi 28, yenye meno 48 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza karibu mita sita. Safari ya kilomita 40, ukipiga pedeli njia nzima, ni mizunguko kama 6,700. Mara 6,700 goti la kulia linakunjwa na kukunjuliwa, na la kushoto vivyo hivyo, nyuma yako kukiwa na mzigo wa madumu mawili. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Kwa mpiga pedeli, pembamba ni goti.

Krenki ya milimita 170, ambayo ndiyo imejaa madukani, huipandisha pedeli sentimita 34 kutoka chini hadi juu. Kwa mtu mrefu, sentimita 34 ni kizingiti anachokivuka akiendelea na mazungumzo. Kwa binti wa sekondari au mama mwenye miguu mifupi, sentimita hizo hizo hulileta paja karibu na tumbo, goti likajikunja kupita kiasi, na hapo hapo lilipojikunja ndipo anapodaiwa nguvu ya kuusukuma mlima. Analipa deni hilo mara 6,700. Jioni anajipaka mafuta ya moto na kusema ni uzee. Mama yangu, si uzee! Ni dirii ya mtu mwingine.

Nashuhudia habari zangu mwenyewe. Nilipoanza kazi ya uinjilisti nilimwona mzee mmoja, mrefu, mwenye nguvu, akipanda vilima bila kushuka. Baiskeli yake ilikuwa na krenki za 175. Nikatamani. Nikatafuta za namna ile, fundi mmoja akanifungia bila kuniuliza lolote, nami pia sikuuliza. Mimi ni mfupi. Mguu wangu kwa ndani ni sentimita 75. Kabla ya mavuno ya maharage goti langu la kushoto lilikuwa limevimba, na nilihubiri nimekaa. Niliomba niponywe, na Mungu alinijibu kwa njia ya swali: ni nani aliyekupima?

Najua mtakalonijibu. Mtasema krenki ndefu ina nguvu, kama mtaimbo mrefu unavyong'oa kisiki. Mtaimbo ni kweli. Lakini mkono ukirefuka, mguu nao huzunguka duara kubwa zaidi kwa kila hatua, na goti lililokunjwa mno husukuma kwa unyonge. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani, Jim Martin na Waneen Spirduso, walitangaza matokeo ya kuwapima waendesha baiskeli 16 waliozoea mazoezi, kwa krenki za urefu wa aina tano, kuanzia milimita 120 hadi 220. Kati ya iliyotoa nguvu nyingi na iliyotoa kidogo, tofauti ya nguvu ya juu kabisa ilikuwa kama asilimia 4. Na zilizoongoza zilikuwa 145 na 170, bila tofauti ya maana kati yao. Mnasikia? Sentimita mbili na nusu zilipunguzwa, na nguvu ikabaki palepale! Tadej Pogačar, bingwa wa mbio za baiskeli anayeweza kuletewa krenki yoyote aitakayo, aliacha zile za 172.5 akashinda Tour de France ya mwaka 2024 kwa krenki za 165. Basi kama nguvu haijifichi katika urefu, unamtesea nini mkeo goti?

Pimeni! Hili ndilo neno la leo, lichukueni nyumbani. Vua viatu, simama umegusa ukuta kwa mgongo. Weka kitabu kigumu katikati ya miguu, ukivute juu kwa nguvu kama uliyekaa kwenye siti, kisha mtu apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha urefu huo kwa 0.20, kisha kwa 0.216. Krenki yako inakaa kati ya majibu hayo mawili. Mwenye sentimita 70 atafute kati ya milimita 140 na 151. Mwenye 75, kati ya 150 na 162. Mwenye 80, kati ya 160 na 173. Mwenye 85 huyo ni nyumba ya Sauli, na avae 170 au 175 kwa amani. Ukibaki njia panda na unabeba mzigo safari ndefu, chukua fupi. Fupi haigongi kingo za makorongo masika yakichimba njia, na goti halitakulaumu.

Kipimo cha krenki yenyewe mara nyingi kimechorwa upande wa ndani, karibu na tundu la pedeli. Kama kutu imekula namba, pima kutoka katikati ya ekseli hadi katikati ya tundu hilo. Krenki fupi zitafute kwenye baiskeli za vijana na kwenye mitumba. Ila uangalie ekseli: krenki ya kubanwa kwa pini haikai kwenye ekseli ya pembe nne. Na nakusihi kwa jina la Bwana, usikubali krenki iliyokatwa ikaunganishwa kwa moto. Siku itakapokatika utakuwa unateremka, na mtoto amekaa kwenye karia.

Wala toba haiishii kwenye krenki. Ukifupisha milimita 20, pandisha siti milimita 20, ili mguu ukiwa chini unyooke kama ulivyokuwa. Pedeli ikifika juu goti litakuwa limepata nafuu ya milimita 40, upana wa vidole viwili! Kisha tazama nyuma. Mkono mfupi hudai msukumo mkubwa kidogo, basi mwambie fundi aitoe frii ya meno 18 aweke ya meno 20. Ukitoka krenki ya 170 kwenda 150, badiliko hilo linarudisha uzito wa pedeli karibu pale pale. Utazungusha mara nyingi zaidi kidogo, kwa wepesi. Wiki ya kwanza miguu italalamika kwa ugeni. Ivumilie. Hata Israeli walililia vyungu vya Misri.

Sasa nawageukia mmoja mmoja.

Baba unayemnunulia binti baiskeli ya kwenda shule, ulimpima sare, ulimpima viatu. Kwa nini chombo kitakachobeba magoti yake miaka minne unakinunua kwa kutazama rangi?

Mume, mkeo anapanda baiskeli yako na hujawahi kumwuliza anaumia wapi. Muulize leo, kabla ya chakula cha jioni.

Fundi, Mungu amekuwekea mikononi viungo vya watu. Usifunge krenki kabla hujamtazama mwenye mguu. Weka futi kando ya spana, na mteja akisema yoyote tu, mjibu kwamba kwako hakuna mguu wa yoyote tu.

Nanyi wazee wa kanisa mnaowanunulia wainjilisti baiskeli kumi kwa mkupuo, zote sawa, mnafanya tendo jema kwa jicho lililofumbwa. Sauli naye alitenda jema. Tengeni fedha kidogo ya kubadilisha krenki, mkawaite watumishi wenu ukutani mmoja baada ya mwingine.

Na wewe uliyevimba goti unayesoma haya, usione haya. Daudi alivua hadharani, mbele ya mfalme aliyempa. Hakusema, watanionaje? Hakusubiri aanguke bondeni ndipo akiri kwamba vazi lilikuwa kubwa. Yule aliyeufinyanga mguu wako akiwa peke yake tumboni mwa mama yako hakukosea kipimo. Aliyekosea ni yule aliyedhani miguu yote hutoka kiwanda kimoja.

Mnaniuliza hiki chuma nilichoshika nimekitoa wapi. Ni ile krenki yangu ya 175. Niliivua, nikafunga za 152, na leo nimefika hapa nikipiga pedeli, sikukokota. Sikuitupa, kwa maana chuma hakina dhambi. Pale mtaani kwetu kengele ya kanisa ni ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe, na kwa muda mrefu tulikosa kitu kizuri cha kuigongea. Krenki hii inakaa mkononi mwa mzee wetu wa kengele kana kwamba iliundwa kwa ajili yake. Kila Jumapili alfajiri kengele hiyo inapolia, jueni ni dirii iliyovuliwa, imepata mahali pake. Nendeni mkavue zenu.

Amina.