Sadaka ya Mwenye Deni

Je, mtu anaweza kukupa kama zawadi kile unachomdai?

Swali hili hunijia kila ninaposoma habari za Andrew Carnegie, tajiri wa chuma cha pua. Mwaka 1889, miaka 24 baada ya Marekani kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliandika kwamba tajiri ni mdhamini wa mali kwa niaba ya jamii. Aliona heri ziada ikae mikononi mwa mtu mmoja mwenye busara kuliko kugawanywa kidogo kidogo kwa wengi, ambao wangeitumia ikaisha.

Miaka mitatu baadaye, kiwanda chake cha Homestead, Pennsylvania, kilitaka kupunguza viwango vya malipo. Chama cha wafanyakazi kikakataa. Carnegie alikuwa Scotland. Meneja wake, Henry Clay Frick, akawafungia wafanyakazi nje na kuleta walinzi wa kukodi wapatao 300 kwa matishari. Tarehe 6 Julai 1892 risasi zikarindima mtoni, na watu wa pande zote mbili wakafa. Gavana akatuma maelfu ya askari. Kufikia mwisho wa Novemba mgomo ulikuwa umevunjika, na chama hakikuwa tena na sauti kiwandani. Zamu za saa 12 kwa siku zikawa jambo la kawaida.

Mwaka 1898 Homestead ikafunguliwa maktaba ya Carnegie, yenye ukumbi wa muziki na hata bwawa la kuogelea.

Watetezi wake husema ujira ungeongezwa ungeishia jikoni, ilhali maktaba imefaa vizazi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini anayetoka kwenye tanuri baada ya saa 12 atasoma kwa macho gani? Kitabu kinataka muda, na muda ndio alionyimwa. Na hata kama fedha ingeishia jikoni, jiko ni lake na jasho ni lake.

Haki huidai ukiwa umesimama wima. Hisani huipokea ukiwa umeinamisha kichwa. Anayegeuza ya kwanza kuwa ya pili huchukua zaidi ya fedha: huchukua uamuzi wa mwenzake juu ya maisha yake, kisha hungoja kushukuriwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sadaka, hata ikiwa kubwa namna gani, huja baadaye.

Maktaba ile nisingeibomoa. Ningetaka tu kwamba, wafadhili wake wanapotajwa, watu wa tanuri watajwe kwanza.